Makohozi Yamerudi Hasi, Mgonjwa Bado Anakohoa

Mgonjwa wa kikohozi tunamjua sote. Wiki ya kwanza anakunywa tangawizi na asali. Ya pili anapita duka la dawa, anauziwa amoksilini nusu dozi. Ya tatu anafika kwetu, tunapima makohozi kutafuta kifua kikuu (TB), jibu linarudi hasi, tunampa dawa ya maji na kumwambia arudi akizidiwa. Na anarudi kweli, mwezi mmoja baadaye, kifua kile kile. Wenzangu matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, jibu hasi halifungi faili. Kazi yenyewe ya kufikiri inaanzia hapo.

Ila tusiruke hatua. Tanzania, anayekohoa wiki 2 au zaidi anachunguzwa kifua kikuu kwanza, na anayeishi na VVU hasubirishwi hizo wiki 2. Akisema anakohoa tu, mchunguze. Kanuni hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kopo. Mgonjwa anapewa kopo dirishani, anaambiwa "lete makohozi", naye analeta mate. GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya TB kwenye makohozi, ukiipa mate itakupimia mate. Mimi hutoka na mgonjwa nje, mbali na foleni, penye upepo, nikasimama upande upepo unakotokea. Asukutue kinywa kwa maji. Avute pumzi hadi kifua kijae, aishikilie kidogo, aitoe. Arudie. Ya tatu akohoe kutoka chini kabisa, ateme ndani ya kopo, afunike. Kisha natazama kilichomo: makohozi ni mazito, yananata, na nataka walau mililita 3. Kikiwa ni kimaji chenye povu, tunajaribu tena, au anaondoka na kopo aje na ya alfajiri kabla hajala. Jina liandike ubavuni mwa kopo, usiandike kwenye kifuniko. Vifuniko vikifunguliwa maabara, nani atajua kipi ni cha nani?

Muulize pia alishakunywa nini, na akuoneshe pakiti. Antibiotiki kama sipro (siprofloksasini) na levofloksasini zinawapunguza makali vimelea vya TB kwa muda: mgonjwa anapata nafuu ya uongo, na kipimo kinaweza kukosa kitu. Ndiyo maana mimi kikohozi cha muda mrefu sikianzishii dawa za kundi hilo, hata mgonjwa akiniomba kwa jina.

Sasa jibu ni hasi. Kabla sijashika kifaa chochote, naomba kuona mfuko wa dawa. Nakumbuka mama mmoja wa makamo aliyeletwa na binti yake. Kikohozi kikavu, koo linawasha, usiku halali, nyumba nzima hailali. Homa hana, mwili haujapungua, makohozi ya kupima ilikuwa shida kuyapata. Baada ya shikamoo nikamuuliza dawa anazotumia nyumbani. "Za presha tu, mwanangu, hizo hazihusiani." Akafungua fundo la khanga, na kwenye kile kikaratasi cha vidonge kulikuwa na enalapril. Alikuwa ameianza miezi kadhaa nyuma, ndiyo maana hakuna aliyeziunganisha hizo habari mbili. Kaptopril, enalapril na lisinopril, dawa za presha za kundi moja, zote zina tabia ya kuleta kikohozi kikavu, nacho kinaweza kuanza siku chache au miezi mingi baada ya kidonge cha kwanza. Tulimbadilishia, akatulia. Ukibadilisha, mwambie avumilie: mara nyingi kinaisha ndani ya wiki 1 hadi 4, wachache huchukua hadi miezi 3. Usimwachishe dawa bila kumpa nyingine, presha haisubiri. Na kama alipewa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi, hapo mpigie aliyemwandikia au mpe rufaa, usibadilishe peke yako.

Baada ya mfuko, maisha yake. "Unavuta sigara?" ni swali linalowaacha wanawake wengi nje. Uliza anapikia nini, na jiko liko ndani au nje. Bibi aliyepulizia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha tangu usichana wake anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji mkubwa, ilhali sigara hajawahi kuishika.

Pumu inatupita kwa sababu tunasubiri kusikia filimbi kifuani. Wako wenye pumu wanaokohoa tu: usiku, alfajiri, kwenye baridi, wakifagia vumbi. Kama kituo chenu kina kile kibomba cha kupulizia cha kupima nguvu ya pumzi, apulize, mpe salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, subiri dakika 15, apulize tena. Namba ikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, una jambo la kufanyia kazi. Pua inayodondokea kooni na kiungulia cha usiku navyo viulizie, haichukui dakika.

Moyo usiusahau. Muulize analalia mito mingapi ili apumue, mtazame miguu kama imevimba. Wapo mabinti wanaohema, wanaokohoa damu kidogo, kila mtu anasema TB, kumbe ni valvu ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Weka kisikilizio moyoni, si mgongoni tu.

Sisi wa mikoa ya kaskazini tuna wanaapolo, vijana wa machimbo ya tanzanite ya Mererani. Vumbi la mwamba linatia mapafu makovu yasiyofutika, na mapafu hayo yanashikwa na TB kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mchimbaji mwenye jibu hasi simwachi bila picha ya kifua, hata kama aliacha mgodi zamani na sasa anaendesha bodaboda. Muulize kazi zote alizowahi kufanya. Ya leo haitoshi.

Aliyewahi kuumwa TB akapona ana mtego wake. Picha yake inaweza kuonekana mbaya maisha yote kwa sababu ya makovu, na GeneXpert inaweza kuokota mabaki ya vimelea vilivyokufa. Usimrudishe kwenye dozi ya miezi 6 kwa picha peke yake. Huyu nampeleka kwa mratibu wa TB wa wilaya ili makohozi yaoteshwe maabara, ijulikane kama vimelea vingali hai. Akionekana ana TB sugu, mratibu ndiye anayejua njia ya matibabu, na huku kwetu jina la Kibong'oto, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, halikosekani.

Mtoto ambaye TB haikuonekana, akiendelea kukohoa zaidi ya wiki 4, ni wa kuchunguzwa zaidi. Kama mama anasema kilianza ghafla mtoto akila karanga au akichezea maharage, akapaliwa kisha akatulia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheka mbele yako.

Wengine wasiosubiri: anayekohoa damu nyingi, anayehema akiwa amekaa, mwenye oksijeni ya damu chini ya asilimia 92. Wa kupewa rufaa ndani ya siku chache: anayepungua uzito bila sababu, sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3, tezi iliyovimba juu ya mtulinga, ncha za vidole zilizovimba na kucha kupinda, na mvutaji wa umri mkubwa ambaye kikohozi chake cha siku zote kimebadilika.

Halafu fomu ya rufaa. "Kikohozi cha muda mrefu, kwa uchunguzi zaidi" ni sawa na kumtuma mtu sokoni bila kumwambia anunue nini. Andika hivi, kwa mfano: "Mwanaume, miaka 52. Kikohozi miezi 3. Kilo 61 hadi 54. GeneXpert hasi mara 2, makohozi mazuri. VVU hana. Alichimba Mererani, anavuta sigara. Amoksilini siku 7, hakuna nafuu. Oksijeni 94. Naomba picha ya kifua na maoni: vumbi la mgodini, TB iliyojificha, au uvimbe?" Daktari wa wilaya akisoma hiyo hatamwanzishia amoksilini upya.

Kabla mgonjwa hajapanda gari, piga simu uulize kama mashine ya picha inafanya kazi leo. Nauli ya pili watu wengi hawana. Mpe barakoa, chukua namba ya ndugu yake, andika kwenye daftari lako tarehe unayomtegemea kurudi. Tarehe ikipita kimya, mtume mhudumu wa afya wa kitongoji chake akabishe hodi.