Jibu: mafuta ya samaki kuchacha na lesithini
Mkuu umeuliza kwa nini mafuta ya samaki ukiyachanganya na maji yanachacha haraka, na kama lesithini (kitu kinachofanya mafuta na maji vichanganyike) inasaidia. Inaweza kusaidia aisee, ila si kila mara. Ukishayapiga yakawa matone madogo eneo la kugusana na maji linakuwa kubwa mno, na chembe za chuma na shaba zilizomo kwenye maji ndo zinachochea oksijeni iishambulie ile omega-3 (aina ya mafuta yaliyomo kwenye mafuta ya samaki), sasa lesithini ya soya au kiini cha yai inakaa pale ukingoni mwa tone na inaweza kuipa nguvu vitamini E inayozuia kuchacha, ila inaweza pia kuzivuta zile chembe karibu na mafuta. Kaseini, protini ya maziwa, mi naipenda zaidi, inatanda nene kwenye tone. Ila kwa joto letu la Tanga weka frijini, chupa nyeusi iliyojaa, yakinuka kama rangi ya mlango mwaga.