Gini imeshuka, umaskini umepanda: takwimu za baada ya mgogoro wa kifedha zisomwe vipi?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Naandaa taarifa ya kazini kuhusu tofauti ya kipato katika nchi zinazoendelea baada ya migogoro ya kifedha. Nilitarajia kukuta pengo linapanuka kila mahali. Badala yake, takwimu za Indonesia zinaonyesha Gini (kipimo cha tofauti ya kipato, kuanzia 0 kwa usawa kamili hadi 1 kwa pengo la juu kabisa) ilishuka kati ya 1996 na 1999, ilhali umaskini ulipanda. Argentina mambo ni kinyume: Gini ilipanda baada ya 2001. Mkuu wangu wa kitengo anasema takwimu za Indonesia zina kasoro na niziache. Je, niziache? Na kwa jumla, mgogoro huongeza pengo au hulipunguza?

JIBU

Marahaba. Usiziache. Takwimu za Indonesia ndizo zitakazokufundisha mengi kuliko zote ulizokusanya. Gini kushuka na umaskini kupanda ni mambo yanayoweza kwenda sambamba katika nchi moja, mwaka mmoja, bila mtu yeyote kukosea hesabu. Gini hupima mgawanyo peke yake: katika kile kilichopo, nani amechukua kiasi gani. Kilichopo kikipungua kwa robo, Gini haisemi lolote. Umaskini hupimwa kwa mstari: kaya iko juu yake au iko chini yake, basi.

Chukua kaya tano zenye mapato ya 100, 150, 200, 350 na 1,200 kwa mwezi. Jumla ni 2,000, na ukipiga hesabu Gini inakuja 0.48. Mstari wa umaskini tuuweke 140, kwa hiyo kaya maskini ni moja. Mgogoro unaingia. Kaya tajiri, ambayo kipato chake kilitegemea biashara inayoendeshwa kwa mikopo ya benki, inapoteza theluthi nzima na kubaki na 800. Nyingine zinashuka hadi 85, 130, 175 na 310. Jumla sasa ni 1,500. Gini imeshuka hadi 0.43, na kaya maskini zimekuwa mbili. Hakuna aliyepata. Pengo limepungua kwa sababu tu aliye juu ameanguka kwa kasi zaidi, huku aliye chini akishuka kidogo, maana kwenye kipato cha 100 hakuna cha kupunguza zaidi ya mlo.

Indonesia ilipita njia inayofanana na hiyo. Thailand iliiachia sarafu yake, baht, tarehe 2 Julai 1997, na rupiah ya Indonesia ikafuata. Dola moja iliyopatikana kwa takriban rupiah 2,400 katikati ya 1997 ilivuka rupiah 10,000 mwanzoni mwa 1998. Kampuni zilizokopa kwa dola huku zikiuza kwa rupiah zilikwama, benki zikajaa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa, na pato la taifa likapungua kwa takriban asilimia 13 mwaka 1998. Pigo lilianzia mijini, hasa kisiwani Java, kwenye ujenzi, fedha na viwanda. Wakati huohuo mkulima wa kakao kule kisiwani Sulawesi, ambaye zao lake hupangiwa bei kwa dola, alijikuta akipokea rupiah nyingi kuliko alizowahi kuzoea. Kuporomoka kulekule kwa sarafu kulikomwangusha mwajiriwa wa Jakarta ndiko kulikomwinua yeye. Kwa takwimu rasmi, Gini ilitoka takriban 0.36 mwaka 1996 hadi 0.31 mwaka 1999, na umaskini ukatoka asilimia 17.5 hadi 23.4.

Kuna jambo hapo ambalo taarifa nyingi hulikosa. Ukosefu wa ajira Indonesia ulipanda kidogo tu, kutoka chini kidogo ya asilimia 5 hadi asilimia 5 na nusu hivi, huku mishahara halisi ikiporomoka kwa kiasi cha theluthi. Palipokosekana mafao ya kukosa kazi, aliyeachishwa hakuweza kukaa nyumbani akisubiri. Alirudi shambani au akaingia kwenye biashara ndogondogo, na kwenye takwimu akahesabiwa kuwa ana kazi. Kwa nchi yenye sekta kubwa isiyo rasmi, usiutafute mgogoro kwenye safu ya ukosefu wa ajira. Utafute kwenye malipo.

Sasa nimtendee haki mkuu wako, kwa sababu ana hoja. Gini ile ya Indonesia haikukokotolewa kwa mapato bali kwa matumizi ya kaya, na matumizi yana tabia yake wakati wa mgogoro. Kaya yenye uwezo huahirisha kununua gari, huacha kukarabati nyumba, husitisha safari. Matumizi yake yanashuka sana kwenye dodoso, lakini mali yake ipo palepale. Isitoshe, riba za muda mfupi Indonesia ziligusa takriban asilimia 70 katikati ya 1998, kwa hiyo aliyekuwa na fedha benki aliona salio likikua kwa kasi, na aliyekuwa na dola nje ya nchi ndiyo kabisa. Hayo hayaonekani kwenye utafiti wa matumizi. Ongeza na tatizo la siku zote la tafiti za kaya: matajiri wakubwa ama hawamo kwenye sampuli, ama hawafungui mlango, ama wanataja pungufu.

La pili ni bei, na hapa ningependa ukae zaidi, kwa kuwa ndipo maskini anapoumia bila Gini kusema neno. Mwaka 1998 mfumuko wa bei Indonesia ulikaribia asilimia 80, na bei za vyakula zilipanda zaidi ya mara mbili. Rudi kwenye kaya zetu tano. Tuseme katika kipindi hicho chakula kimepanda kwa asilimia 40 na vitu vingine kwa asilimia 10. Kaya maskini kabisa hutumia asilimia 70 ya kipato chake kwenye chakula. Tajiri hutumia asilimia 20. Gharama za maisha za maskini zimepanda kwa asilimia 31, za tajiri kwa asilimia 16. Kabla ya mgogoro tajiri alikuwa na mara 12 ya kipato cha maskini. Kwa fedha taslimu, 800 kwa 85, uwiano umeshuka hadi 9.4, na unaonekana umepungua vizuri. Ukigawa kila kipato kwa gharama zake halisi, uwiano unarudi juu hadi 10.6. Karibu nusu ya ule "usawa" uliopatikana imeyeyuka kwa kurekebisha bei tu. Na kama ofisi ya takwimu inatumia faharasa moja ya bei (kipimo cha wastani wa kupanda kwa bei) kwa wote, kama inavyofanyika mara nyingi, yeyote anayeisoma Gini hiyo hataliona hilo.

Kwa hiyo Gini ile ilishuka kweli, ila si kwa kiasi kile. Ndivyo ningeandika.

Ila swali lako la pili ndilo zito. Kwa maoni yangu, kosa kubwa katika taarifa za aina hii ni kulinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada, kisha kutoa hukumu. Mwaka wa mgogoro wenyewe ni kelele tupu. Pengo hujengeka wakati wa kupona. Tuendelee na mfano wetu: miaka sita baadaye jumla imerudi kuwa 2,000 ileile. Wachumi wanasema uchumi umepona. Lakini kaya sasa zina 90, 135, 185, 340 na 1,250. Gini ni 0.505, juu kuliko ilivyokuwa mwanzo, na kaya maskini bado ni mbili. Tajiri alirudi kwa sababu mali yake haikupotea, ilishuka bei tu, na bei zilipopanda akapanda nazo. Pengine alinunua na za waliolazimika kuuza. Maskini aliuza. Alichouza hakirudi.

Indonesia tunayo picha ya karibu ya jambo hili, kwa kuwa kuna utafiti uliofuatilia familia zilezile mwaka 1997 na tena mwaka 1998. Familia zilizokuwa na dhahabu ziliuza sehemu yake kuziba pengo la matumizi, na kwa kuwa bei ya dhahabu kwa rupiah ilikuwa imepanda, akiba hiyo iliwasaidia sana. Zisizokuwa nayo zilikata kwingine. Kaya maskini zilipunguza matumizi ya elimu, na waliopunguziwa zaidi ni watoto wadogo, ili wakubwa waliokaribia kumaliza waendelee kusoma. Ni uamuzi wa busara kwa mzazi aliyebanwa. Lakini mtoto aliyeikosa shule mwaka huo haonekani kwenye Gini ya 1999. Huja kuonekana kwenye mishahara akishakuwa mtu mzima. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 Gini ya Indonesia ilikuwa imefika takriban 0.41. Usiandike kwamba mgogoro peke yake ndio uliofanya hivyo, kwa sababu kupanda kwa bei za makaa ya mawe na mafuta ya mawese kulichangia sana. Andika kwamba ule unafuu wa 1999 haukudumu.

Kisha fuatilia bili ya benki, maana huu ndio mfereji ambao tofauti ya kipato hupitia kimyakimya. Benki zikianguka, serikali huziokoa kwa kutoa hatifungani, yaani hati za deni lake, na hatifungani hulipwa riba kutoka kwenye kodi kwa miaka mingi. Indonesia gharama hiyo ilizidi nusu ya pato la taifa la mwaka. Meksiko, baada ya peso kuanguka Desemba 1994, deni la mfuko wa uokoaji, Fobaproa, lilibebeshwa umma, na lilikaribia moja ya tano ya pato la taifa. Wenye amana kubwa na waliokopa mamilioni walinufaika na uokoaji. Mlipa kodi ya bidhaa alichangia. Hakuna utafiti wa kaya unaoihesabu riba hiyo kama uhamisho wa kipato kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache. Lakini uhamisho ndio huo. Meksiko nayo, ukiangalia 1994 na 1996 pekee, utakuta Gini imeshuka kidogo, na ungeweza kudanganyika vilevile.

Argentina inatofautiana kwa nini? Kwanza, unalinganisha vitu viwili visivyolingana: Gini ya Argentina inatoka kwenye utafiti wa mapato, tena wa mijini tu. Hilo peke yake linatosha kuiweka juu ya ile ya Indonesia, kwa hiyo usiziweke kwenye jedwali moja bila maelezo. Pili, hakukuwa na shamba la kurudia kwa wengi. Nchi ile ni ya mijini. Ukosefu wa ajira ulizidi asilimia 21 mwaka 2002, na mwaka huo zaidi ya nusu ya wakazi wa mijini walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Tatu ni namna akaunti zilivyofungwa. Desemba 2001 serikali iliweka kikomo cha kutoa fedha benki, peso 250 kwa wiki. Wakubwa walikuwa wameshazihamisha dola zao miezi mingi kabla, na serikali ilipoacha kiwango cha peso moja kwa dola moja Januari 2002 dola hizo zikaja kuwa na thamani ya zaidi ya peso tatu kila moja kabla mwaka haujafika katikati. Aliyebaki na dola zake ndani ya benki zilibadilishwa kwa peso 1.40 kwa dola. Madeni ya dola yakabadilishwa kwa peso 1.00, na tofauti benki zikafidiwa kwa hatifungani za serikali. Soma sentensi hizo mbili tena ukiwa na kalamu mkononi: kampuni kubwa yenye deni la dola nchini na akiba ya dola nje ilipata pande zote mbili.

Na Argentina hiyohiyo inakupa upande wa pili. Kuanzia 2003 Gini yake ilianza kushuka na ikaendelea kushuka kwa miaka kadhaa. Ajira zilirudi, mishahara ya chini ikapandishwa, na mpango wa Jefes y Jefas de Hogar, wa ruzuku kwa wakuu wa kaya wasio na kazi, ulioanza 2002 kwa peso 150 kwa mwezi, ukawafikia karibu watu milioni mbili. Ndivyo ilivyokuwa pia mgogoro wa dunia wa 2008 na 2009 ulipofika Amerika ya Kusini: mipango ya ruzuku ya fedha kama Bolsa Família ya Brazil ilikuwa imeshajengwa tangu 2003, orodha za walengwa zipo, na kushuka kwa pengo hakukukatika. Kuanzisha mpango kama huo moto ukiwa umeshawaka huchukua miezi ambayo kaya maskini haina.

Kwa hiyo mgogoro hauna mwelekeo mmoja. Mwelekeo unategemea nani alikuwa na deni la sarafu ya kigeni, nani aliweza kutoa fedha mapema, chakula kilipanda kiasi gani, na benki ziliokolewa kwa fedha za nani.

Kwenye taarifa yako, kila nchi ipe angalau miaka kumi, mitatu kabla na saba baada. Karibu na kila Gini andika kama ni ya mapato au matumizi, ya nchi nzima au mijini. Weka pembeni mabadiliko ya kipato halisi cha asilimia 20 ya chini, yakiwa yamerekebishwa kwa faharasa ya bei yenye uzito wa chakula wanachonunua wao. Kama nchi ina takwimu za kodi, zitumie kukadiria asilimia moja ya juu, kwani utafiti wa kaya hautakupa. Na Indonesia iweke mwanzoni kabisa mwa taarifa, na ile hesabu ya kaya tano ukiipenda mwonyeshe mkuu wako kwanza.