Viazi vimelala kwa jua: fukua shina moja kabla hujafanya chochote

Kila mwaka mvua ikikata katikati ya msimu huku kwetu nyanda za juu kusini, mwezi wa kwanza au wa pili hivi, meseji zinakuwa zile zile. Mtu ana viazi mviringo vyake Njombe, Makete au kule Umalila, mchana vimelala chini kabisa, anauliza apige busta gani, zile mbolea za maji za kunyunyizia majani. Mimi nimelima viazi maisha yangu yote ya utu uzima na jibu langu halibadiliki, acha busta, chukua kijembe ufukue shina moja uone chini kuna nini, maana majani yanaonyesha mmea unajisikiaje leo ila gunia lako lipo chini.

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Kiazi kina mizizi mifupi na dhaifu, sehemu kubwa ya mizizi ipo kwenye sentimita 30 za juu na ikienda sana ni kama 60, tena udongo ukiwa umeshindiliwa haipenyi. Mahindi yanashuka mita na zaidi. Ndo maana unaona mahindi ya jirani bado yamesimama afu viazi vyako vimechoka, sio uchawi wala sio mbegu mbaya, vinakunywa juu tu na juu ndo panapokauka kwanza.

Sasa mizizi ikihisi udongo unaanza kukauka inatuma taarifa juu kwa homoni inaitwa ABA, na majani yanafunga vile vitundu vidogo vya kupumulia, stomata. Kiazi kinawahi sana kufunga, hata kabla wewe hujaona kunyauka kokote. Hapo kinaokoa maji lakini kinalipia, kwa sababu mlango wa kutolea maji ndo huo huo wa kuingizia hewa ya kutengenezea chakula, ukifungwa chakula kinapungua na jani linapata joto. Ukiendelea ukame, majani mapya yanatoka madogo, yale ya chini yanakuwa njano na kudondoka, na ndani ya seli mmea unajaza sukari na kitu kinaitwa prolini ili maji kidogo yaliyopo yasitoke. Kama ukame umekuja taratibu mmea ukiwa bado mdogo unaelekeza nguvu kwenye mizizi, na shambani nimeona wazi kabisa kwamba viazi vilivyopata kiu kidogo wiki za mwanzo vinavumilia jua la baadaye kuliko vile vilivyozoeshwa kunyunyiziwa kila siku jioni.

Kwa hiyo kunyauka saa saba mchana peke yake kusikutishe. Nenda shambani saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachomoza. Kama vimenyanyuka, mmea unajimudu. Kama asubuhi bado vimelala hapo kuna shida, ila angalia ni shida ipi kwa sababu watu wengi sana wanamwagilia ugonjwa. Ukame unalaza eneo zima, hasa sehemu ya mwinuko na ya udongo mwepesi. Mnyauko bakteria unachukua shina hapa na shina pale, wakati mwingine tawi moja la shina lile lile, na udongo chini una unyevu. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi ukishikilie bila kutikisa, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka zenyewe hiyo ni bakteria, na maji ya mfereji yatakusambazia shamba zima. Ng'oa, toa nje ya shamba na mizizi yake na viazi vyake, na kuanzia hapo usichukue mbegu kwenye shamba hilo.

Tukishajua ni ukame kweli, tufukue. Chagua shina la kawaida, sio zuri kuliko yote, toa udongo pembeni kwa mkono taratibu. Utaona mizizi ile myembamba ya kahawia, na utaona vitawi vyeupe vinene kidogo vinavyotambaa kwa upande, hizo ndo stoloni. Angalia ncha zake. Kama zimechongoka na zimepinda kidogo, viazi bado havijaanza kuumbwa. Kama ncha imevimba, ina ukubwa wa njegere au punje ya harage, uko kwenye wakati muhimu kuliko wote wa zao hili na ukame hapa unakupunguzia IDADI ya viazi kwa shina, huwezi kuirudisha baadaye hata unyeshe mafuriko. Pia udongo mkavu wakati huu ndo unaoleta ule ukurutu juu ya ngozi ya kiazi. Kwa mbegu nyingi za huku hatua hii inaangukia wiki ya tano mpaka ya saba toka kupanda, ila usihesabu kalenda, baridi na umri wa mbegu vinabadilisha, fukua uone. Kama tayari vina ukubwa wa yai basi idadi imeshapangwa, ukame unakupunguzia ukubwa na ubora.

Na hapa ndo tunafika kwenye maji yenyewe. Zao zima la viazi linataka karibu milimita 500 mpaka 700 kwa msimu. Milimita 25 tu kwenye ekari moja ni lita laki moja, yaani ndoo 5,000 za lita 20. Piga hesabu hiyo kabla hujaanza kuhangaika. Kama una mota na mto upo chini, sawa. Kama una keni na vijana wawili, usinyunyize ekari nzima kidogo kidogo, maji yanaishia juu na kukauka kesho yake. Chagua robo ekari, ile sehemu ambayo ncha zimevimba, mwagilia mpaka udongo wa kina cha shubiri moja ukiufinya unashikamana, rudia kabla haujakauka tena. Inauma kuacha sehemu nyingine, najua, ila robo iliyoshiba inatoa gunia na ekari iliyolambishwa haitoi.

Maji yakirudi, iwe mvua au mota, majani yanaamka haraka, siku moja mbili tu unaona kijani kimesimama na watu wanafurahi wanasema limepona. Majani ndo yamepona. Chini mambo ni mengine. Kiazi kilichokuwa kimesimama kukua ngozi yake imeshaanza kukomaa, kikipata maji ghafla hakiendelei chote kwa pamoja, kinaendelea pale kwenye macho. Ndo unapata viazi vyenye vinundu, vingine vimebanwa katikati, vingine vimepasuka, vikubwa vingine ukikata katikati kuna tundu. Mdalali anavirusha pembeni kimoja kimoja. Na mwenye kibanda cha chipsi anakulalamikia kwamba upande mmoja wa chipsi unakuwa kahawia kabla haujaiva, ni sukari hiyo, ukame unaharibu mpangilio wa wanga na sukari kwenye kiazi. Kinachofanya haya yawe makali ni kubadilika badilika, kavu wiki mbili, mafuriko siku moja, kavu tena. Kwa hiyo ukianza kumwagilia usiache, bora unyevu wa wastani mfululizo.

Wiki ile ya kwanza baada ya maji kurudi kuna makosa mawili yanaua shamba ambalo lilishapona. La kwanza ni kukimbilia mbolea za naitrojeni, yuria au CAN nyingi, ili "kurudisha nguvu". Subiri uone majani mapya yanatoka, kisha kama zao bado dogo weka kiasi, kama viazi vina ukubwa wa yai usiweke kabisa, utapata majani ya kupendeza na viazi vitachelewa kukomaa. La pili ni kusahau ukungu. Majani laini mapya, mawingu, umande mpaka saa nne asubuhi, bakajani, ndo ugonjwa wa huo ukungu, inaingia hapo hapo na siku chache zinatosha kumaliza shamba. Wahi dawa ya kinga kama mankozebu kabla hujaona baka, sio baada.

Afu pandishia udongo. Ukame unapasua matuta, na kwenye ile mipasuko jua linaingia linafanya viazi kuwa kijani, hivyo ni sumu visiliwe, na nondo wa viazi anashuka kutaga mayai, funza wake anachimba mpaka ndani. Ziba mipasuko yote mapema, udongo ukiwa na unyevu kidogo.

Kwa msimu ujao, mimi naamini zaidi kwenye udongo kuliko kwenye chupa za dukani. Samadi iliyoiva, kulima kina ili mizizi ishuke, na mbolea ya naitrojeni kiasi mwanzoni maana shamba lenye majani mengi mno linakunywa haraka na mizizi yake ni ile ile. Wanaolima vinyungu, zile bustani za mabondeni, tandazeni nyasi au mabua ya maharage. Kiazi ni mtu wa Andes, kule juu Peru na Bolivia, kinapenda udongo wa nyuzi 15 mpaka 20, na matandazo yanapunguza joto na kutunza maji kwa pamoja. Mbegu nazo zinatofautiana, wenzetu Kenya wanaisifia Unica, iliyotokana na kituo cha kimataifa cha viazi cha Lima, kwa kuvumilia joto na ukame. Ukitaka aina ya huku ulizia TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya, usinunue kwa maneno ya sokoni.

Na kama umefukua ukakuta viazi vina ukubwa wa kutosha, zao limepita siku 90, na zaidi ya nusu ya majani yameshakufa, usimwagilie tena. Maji hapo yataotesha vinundu tu. Katilia mbali majani yaliyobaki, acha viazi chini wiki mbili ngozi ikaze, mvua ikitishia wahi kuvuna. Vipange kivulini siku hiyo hiyo, vizuri vya sokoni huku, vyenye vinundu na vilivyopasuka uza kwanza au kula nyumbani kwa sababu havikai, na hata kimoja cha hivyo kisiingie kwenye ghala la mbegu.