Neno gani kwa kitu gani?

SWALI: Assalaam aleikum mhariri. Niko fomu thrii hapa Lamu. Kwenye insha ya Kingereza nilitaka kusema upepo ulipungua, kamusi ikanipa reduce, dilute, thin, weaken, abate, attenuate, nikachukua la pili nikaandika "the wind diluted", mwalimu akapiga mstari mwekundu. Si yote ni mamoja haya? – Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Si mamoja, na kamusi inayokupangia maneno bila mifano inawaponza wengi. Anza na kitu chenyewe, ni nini hicho kinachopungua?

Dilute ni kuzimua, juisi ya ukwaju ukiitia maji, au asidi kule maabara, na hapo asidi ndo inatiwa kwenye maji, usigeuze, itakurukia ikuunguze. Rangi ya jahazi ukiilainisha na thina ili ipakike, hiyo ni thin.

Sasa upepo. Kusi ikivuma Julai bahari inachafuka mpaka mashua hazitoki, ikianza kutulia wanasema the wind abated, dhoruba pia hivo hivo. Maji yakipwa pale gatini ni ebb, na wanalitumia hata kwa mtu anayeishiwa nguvu pole pole, his strength ebbed, zuri sana hili kwa mtoto wa pwani, lishike. Mwezi ukishapita kumi na nne ni wane.

Attenuate liache kwa sayansi. Waifai ikipenya kuta nene za mawe za nyumba za Mkomani inafika chumba cha ndani haina nguvu, signali imekuwa attenuated. Chanjo ya BCG pia, ile ya kifua kikuu wanayochoma mkononi mtoto akizaliwa, ina bakteria hai ila wamedhoofishwa: wanasayansi Calmette na Guérin waliwakuza kule Ufaransa tangu 1908, wakiwahamisha chombo hadi chombo miaka na miaka mpaka ukali ukawaisha, na 1921 ndo ikapewa mtoto kwa mara ya kwanza.

Reduce ni la bei, mwendo, uzito. Lakini jikoni angalia sana, reduce the sauce ni kuacha mchuzi uchemke bila kifuniko maji yapungue, kwa hiyo unazidi kuwa mzito! Ukipata kazi kwenye hoteli za Shela shefu akakwambia reduce nawe ukaongeza maji, umeuharibu.

Ukiwa na shaka tumia weaken, linaingia kwa mtu, kwa shilingi, kwa boriti iliyoliwa na mchwa, na hata the wind weakened mwalimu wako angeipitisha. Ila insha hiyo iandike upya na abated.