Barua kwa mwanangu: yule kijana wa ritani

Mwanangu Neema,

Huku Igoma hatujambo. Umeuliza kama umlipe yule kijana akujazie ritani, ile fomu ya kodi, ya duka lako la nyavu pale Mwaloni na ashike pia hesabu za fremu zangu za kupangisha, au ufanye mwenyewe. Mimi nauliza karatasi ziko wapi. Karatasi kwanza, mtaalamu baadaye.

Duka bado changa. Tuseme mauzo ya mwaka ni milioni 5. Mwenye daftari linaloeleweka hulipa kodi ya asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Asiye na daftari hulipa 100,000. Elfu sabini nzima imekwenda kwa sababu jioni mtu alifunga duka bila kuandika! Kodi ya makadirio lipa kwa awamu, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, usije ukabanwa na deni la mwaka mzima kwa mkupuo.

Fremu zina TIN yangu, namba ya mlipakodi, usizichanganye na daftari lako. Mpangaji mfanyabiashara anakata asilimia 10 ya kodi ya pango, anaipeleka TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, kisha anampa mwenye nyumba cheti cha zuio, yaani ushahidi wa kodi iliyokatwa. Hicho cheti ndicho kilichomliza shangazi yako. Pango lilikuwa 600,000, yeye akipokea 540,000 kila mwezi. Akidai cheti anaambiwa, "Kitakuja, mama." Kitakuja! Mwaka ukaisha, na kumbe haikupelekwa hata senti, 720,000 zote. Mpangaji keshahama. Nikipita pale Kirumba bado moyo unanichoma, maana yule mpangaji alikuwa mtu wa kusalimia kwa heshima kabisa. Kwa hiyo cheti cha mwezi uliopita kidaiwe kabla ya kupokea pango la mwezi huu. Na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa pango kama lile ni 72,000.

Lakini ngoja, nisimwonee kijana wa watu. Mauzo yakikua hadi kuvuka kiwango kilichowekwa na sheria, hesabu zako lazima zipitiwe na mhasibu aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu, na hapo daftari la jioni peke yake halitoshi. Hata sasa, mtu anayejua kazi atakuonyesha risiti gani inakosekana. Sawa. Ila hata yeye hawezi kutengeneza karatasi ambayo hukuitunza. Karatasi kwanza, nimeshasema. Na ukimchukua, asikae na neno lako la siri la mtandao wa TRA, wala usimpe fedha mkononi "akakulipie". Akutolee kumbukumbu namba ya malipo, ulipe mwenyewe kwa simu au benki, stakabadhi ubaki nayo miaka 5.

Nimchukue, nisimchukue? Ulimi unaniwasha, lakini duka ni lako, siamui. Kabla hujampa hata shilingi, mwambie akukokotolee kodi ya mauzo ya milioni 5 mbele yako. Akikutajia 100,000 bila kuulizia daftari, nipigie simu hapohapo.

Mama yako