Mzamiaji wa Ziwa Tanganyika asome nini baada ya cheti cha kwanza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina cheti cha kwanza cha kuzamia kwa mtungi, kile kinachoishia mita 18, nilikipata Unguja. Sasa nipo nyumbani Kigoma, nafanya kazi kwenye boti ya kupeleka wageni na watafiti wa samaki. Nataka nijisomee ngazi ya pili wakati natafuta ada ya kozi. Mtandaoni vitu ni vingi, vingine vya kulipia. Nianzie wapi? Msomaji, Ujiji.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Vizuri sana umeanza kusoma mapema. Ila kabla hujapakua chochote, angalia ulipo. Vitabu vingi vya uzamiaji vimeandikwa kwa ajili ya bahari. Wewe unazamia maji baridi, kwenye ziwa lililo kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo kila kitabu utakachokipata, fungua yaliyomo utafute sura ya kuzamia mwinukoni. Kama haimo, mengine soma, lakini majedwali yake ya kina na muda wa kukaa majini usiyatumie Kigoma.

Sababu ni hewa. Juu ya ziwa letu mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 91 tu ya ule wa pwani. Unapoibuka, naitrojeni iliyoingia mwilini inakutana na mgandamizo mdogo kuliko ambao ungeukuta Unguja, na hapo mapovu ya kudhuru hutokea mwilini kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mita 18 za Kigoma huhesabiwa kwenye jedwali kama karibu mita 20 za baharini, na mita 30 kama 33. Kompyuta za kuzamia zinazovaliwa mkononi, nyingine hujirekebisha zenyewe, nyingine hadi uziwekee mwinuko wewe. Kitabu cha maelezo cha kompyuta unayovaa kisome kabla ya kingine chochote. Watengenezaji wengi hukiweka bure kwenye tovuti zao.

Kwa masomo yenyewe, nakushauri mwongozo wa uzamiaji wa Jeshi la Majini la Marekani, toleo la 7 la mwaka 2016. Ni bure, na una taratibu za mwinukoni. Ni mkubwa mno, usiuanze ukurasa wa kwanza ukitaka kuumaliza. Soma sura za fizikia na za mwili wa binadamu chini ya maji, kisha taratibu za mwinuko. Sehemu za kazi za kijeshi ziruke. Makala za DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, nazo ni za bure na zinasomeka kwa wepesi zaidi.

Masomo ya kulipia ya PADI au SSI, mashirika yanayotoa vyeti vya uzamiaji, subiri uyanunue pamoja na kozi. Kozi ya pili ya PADI ina mbizi 5, na mbili ni za lazima: ya kina kirefu na ya kutumia dira. Hakuna PDF itakayokupa cheti hicho, wala video itakayokuonyesha unavyolewa naitrojeni kwenye mita 30. Hilo ulijue ukiwa na mkufunzi ubavuni. Dira, hata hivyo, unaweza kuanza kuizoea sasa hivi ukiwa nchi kavu. Mkanda wa vipande vya risasi, ule uzito wa kukusaidia kuzama, nao uupime upya: mtu wa kilo 70 aliyevaa vifaa vyote hupunguza kama kilo 2 akitoka baharini kuja ziwani.

Jambo moja vitabu vya pwani havitakuambia. Ukitoka majini Kigoma ukapanda basi la Kasulu au treni ya Tabora, unapanda mlima, na mgandamizo wa hewa unazidi kupungua: Tabora iko karibu mita 1,200. Kwa ndege, DAN wanashauri usubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Mimi ningezifuata saa hizo hizo hata kwa basi. Waambie na wageni wako kabla hawajakata tiketi.