Presha isiyosikia dawa

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 52 na huu ni mwaka wa sita ana presha. Anameza dawa tatu kila siku, mojawapo ile ya kukojoza, na mimi ndiye ninayempa mkononi, kwa hiyo asisingiziwe kwamba anaruka dozi. Lakini asubuhi kipimo cha nyumbani kinasoma 168 kwa 102. Usiku anakoroma mpaka watoto wanafunga mlango wao, mara ghafla kimya. Juzi nilihesabu kwa simu: sekunde 34 hapumui, halafu akashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Anaamka kukojoa mara tatu, nne. Nikimwambia, anasema namdhalilisha, hata baba yake alikoroma. Je, mkoromo na presha vinahusiana?
Mke Asiyelala

JIBU: Marahaba, mama. Vinahusiana sana, na hizo sekunde 34 zimenisaidia kuliko vipimo vyote ulivyoandika. Nami nikiri kosa langu: kwa miaka mingi, mgonjwa akija na presha isiyoshuka, nilikuwa namwongezea dawa ya nne bila kumuuliza analalaje. Hata ningemuuliza, angejuaje, na amelala? Siku hizi namwomba aje na anayelala naye chumba kimoja.

Mumeo akilala, misuli ya koo inalegea na njia ya hewa inaziba. Kifua kinavuta, hewa haipiti, oksijeni inashuka kwenye damu. Ubongo unamgutusha: adrenalini inamwagika, mishipa inajikaza, moyo unadunda kwa nguvu, na pale anaposhtuka presha inaruka juu. Analala tena, koo linaziba tena. Sisi huhesabu kila pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Zikifika 30 kwa saa, hali ni kali.

Kwa kawaida presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, mishipa ikapumzika. Yake inaelekea haipumziki, na mwili uliokesha hivyo huamka ungali umekaza mishipa. Tena hali hii huchochea homoni inayoubakiza mwili na chumvi na maji, ndiyo maana dawa zinashindwa. Kukojoa nako kumo humo: kifua kinapovuta bila kupata hewa, moyo hutanuka na kuziamrisha figo zitoe mkojo. Lakini apimwe sukari na tezi dume pia, tusije tukaulaumu mkoromo kwa kila kitu.

Akapimwe usingizi. Kuna kifaa kidogo cha kulala nacho nyumbani, kinaandika pumzi, oksijeni na mapigo usiku kucha. Ikithibitika, tiba kubwa ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Wiki za kwanza wengi huichukia. Wanaivua saa nane usiku na kuitupa chini ya kitanda. Barakoa ibadilishwe mpaka ipatikane inayomkaa. Wala asitarajie miujiza kwenye kipimo: kwa wastani presha hushuka milimita 2 au 3 hivi, zaidi kidogo kwa wenye presha sugu kama yake, tena kwa anayeivaa usiku mzima. Dawa zake aendelee nazo. Akiwa mnene, kupungua uzito kunaweza kusaidia koo na presha kwa pamoja.

Hukutaja pombe wala vidonge vya usingizi. Kama anatumia, pombe ya jioni aiache, na vidonge amweleze daktari wake, kwani vyote huweza kulilegeza koo zaidi. Alale ubavu, si chali. Na kama anasinzia akiwa ameshika usukani, asiendeshe gari mpaka atibiwe; hilo halingoji miadi.

Kuhusu kudhalilika, neno "unakoroma" usilitamke tena, maana kwake ni tusi. Usiku wa leo washa taa ndogo, mrekodi kwa simu dakika tano, kifua kionekane kikihangaika wakati pua iko kimya. Asubuhi mpe aangalie peke yake. Nimewaona wanaume waliobisha miaka kumi wakiishika simu ile na kuuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni mimi?" Video hiyo hiyo mwende nayo kliniki, pamoja na vipimo vya presha vya asubuhi na jioni vya wiki moja.